Ukinipa albamu ya hip-hop, nipe na sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaopeana albamu za hip-hop. Jambo hili hufanyika kila siku, na hufanyika ovyo. Mtu anatuma kiungo, chini yake anaandika "hii kali, lazima uisikilize", basi. Siku kadhaa zikipita anauliza, anajibiwa "iko poa", na mazungumzo yanafia hapo. Wote wawili wanaamini ladha zao hazipatani. Kumbe ladha yenyewe haijafikiwa bado: nyimbo zilichezwa kwa kuchanganywa, kwenye spika ya simu, toleo silo, na aliyepewa hakuambiwa ategee nini sikio.

Anayependekeza ndiye mwenye kazi kubwa, tena inaanza kabla hajachagua albamu. Ajiulize mwenzake hushika nini kwanza wimbo unapoanza. Kuna watu wa biti, wanaosikia kiki (ngoma nzito ya chini), sneya (ngoma kali inayopasuka) na besi, na maneno huwafikia baada ya wiki. Kuna watu wa hadithi, ambao wimbo usio na tukio huwapita tu. Kuna watu wa vina, hao huurudisha mstari mmoja mpaka waupate. Wengine hufuata sauti ya mchanaji, yaani anayerap, peke yake: ni nzito au ya puani, anakimbia au anaburuza. Mtu wa biti ukimpa mistari mizito juu ya mdundo mkavu, wimbo wa tatu ameshachoka, na hana kosa. Kumjua si kazi ngumu. Muulize nyimbo tatu alizorudia zaidi siku hizi, zisikilize mwenyewe, uone zinakutana wapi: kasi yake, kiitikio kama kinaimbwa au kinachanwa, ngoma kama ni za mashine au zimekatwa kutoka kwenye sahani ya santuri ya zamani. Zinapokutana ndipo pa kuanzia.

Kwa mfano, mpenzi wa jazi anayedhani hip-hop ni kelele anaweza kupewa The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, ya 1991. Besi imewekwa mbele kabisa, na katika wimbo mmojawapo imepigwa na Ron Carter, mpiga besi wa jazi mwenye jina lake. Akiikubali, baadaye apewe To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar (2015), yenye wanamuziki wa jazi Thundercat na Kamasi Washington ndani. Ila hiyo ni karibu dakika 80 na imesongamana, haifai kuwa ya kwanza. Anayetaka kuimbiwa, The Miseducation of Lauryn Hill ya 1998 itamwingiza kwenye hip-hop kabla hajagundua kuwa ameingia. Na haikuwa bahati tu kwamba ilipata Grammy ya albamu ya mwaka, 1999. Asiyetaka maneno kabisa ana Donuts ya J Dilla (2006): vipande 31 vya biti, kila kimoja kwa wastani hakifiki dakika moja na nusu.

Urefu ni jambo linalosahauliwa na wengi. Illmatic ya Nas (1994) ina nyimbo 10, haifiki dakika 40. Daytona ya Pusha T (2018) ina nyimbo 7 na dakika 21 tu. Mtu anaweza kuimaliza njiani na kuirudia wakati wa kurudi. All Eyez on Me ya 2Pac (1996) ina nyimbo 27 na inapita saa mbili. Ukimpa mgeni hiyo ya mwisho ataisikia vipandevipande kwa wiki nzima, kisha atakuhukumia wimbo wa kwanza na wa pili. Kwa anayeanza, ni vizuri isipite dakika 45 hivi. Na apewe albamu moja tu. Anayetuma orodha ya kumi amejitua mzigo wa kuchagua na kumtwika mwenzake.

Ujumbe wa kupendekeza unatosha kuwa na sentensi tano au sita: ni nini, kwa nini wewe, ingia wapi, na uvumilie nini. Hivi, kwa mfano: "Hii ni Madvillainy ya MF DOOM na Madlib, ya 2004. Vipande 22 ndani ya dakika 46 hivi, vingi havina kiitikio, kwa hiyo usikisubiri. Nakupa wewe kwa sababu unapenda vina vinavyojificha katikati ya mstari. Jaribu kwanza 'Accordion', ukiipenda rudi mwanzo usikilize zote kwa mpangilio. Utaona DOOM anachana kama mtu aliyechoka, ni makusudi." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa mapendekezo mengi. Kila albamu nzuri ina kitu kinachomfukuza mgeni, na mgeni akionywa mapema hakihesabu tena kuwa kasoro. Onyo lingine ni la maneno: kama kuna wimbo wa matusi au wa kudhalilisha wanawake, utaje kwa jina, asije akaucheza mbele ya wazazi wake kwa imani yako.

Sasa toleo. Hapa marafiki hubishana kutwa bila kujua kwamba wamesikia vitu viwili. Toleo lililosafishwa hunyamazisha maneno, na neno likinyamazishwa mwishoni mwa mstari, kina kimeondoka nalo. Ubeti uliofungwa vizuri unasikika umepwaya. Wakati mwingine wimbo mzima hubadilishwa: toleo safi la The Marshall Mathers LP ya Eminem (2000) liliuondoa wimbo "Kim" na kuweka "The Kids". Kwenye majukwaa ya mtandaoni tafuta alama ya herufi E pembeni ya jina la wimbo, ndiyo inayoonyesha maneno hayakukatwa. Kisha kuna matoleo yenye nyimbo za ziada. Good kid, m.A.A.d city ya Kendrick Lamar (2012) ya kawaida ina nyimbo 12 na inafungwa na "Compton". Toleo lenye nyongeza linaendelea baada ya hapo, na msikilizaji anayefika mwisho wake analalamika kuwa hadithi imeishia hewani. Hadithi ilishaisha, yeye amesikiliza viporo. Madvillainy nayo ilivuja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutoka, na katika nakala ile ya awali DOOM anachana kwa nguvu zaidi. Sauti ya utulivu tunayoijua alirekodi upya. The Life of Pablo ya Kanye West (2016) iliendelea kubadilishwa ikiwa tayari hewani, mpaka wimbo ukaongezwa miezi kadhaa baadaye. Hivyo ukipendekeza, andika mwaka, idadi ya nyimbo na jina la wimbo wa mwisho. Hayo matatu yanatosha kujua mnazungumzia kitu kimoja.

Kutoikuta albamu pia hakumaanishi ni ya kupuuzwa. 3 Feet High and Rising ya De La Soul ni ya 1989, lakini kwa sababu ya mikataba na vibali vya sampuli (vipande vilivyochukuliwa kwenye nyimbo za wengine), majukwaa makubwa hayakuwa nayo hadi Machi 2023. Kizazi kizima cha wasikilizaji wa simu kiliikosa, kisha kikaambiwa hakijui hip-hop.

Kuhusu mpangilio, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kwenye akaunti za bure za baadhi ya majukwaa huwashwa chenyewe, na wengi hawajui. Ile albamu ya 2012 ya Kendrick niliyoitaja inasimulia kama filamu ambayo matukio yake yamepangwa nyuma mbele: wimbo wa kwanza unakatika pale anapokutana na vijana wawili waliovaa kofia za sweta, na tukio hilo linarudiwa nyimbo kadhaa mbele. Changanya nyimbo, na sauti za wazazi wanaopiga simu zinageuka kelele zisizo na maana. DAMN. yake ya 2017 ni mfano wa upande mwingine: Desemba mwaka huohuo ilitolewa tena nyimbo zikiwa zimegeuzwa, wa mwisho ukawa wa kwanza, na albamu ikasomeka kwa maana nyingine. Kwa marafiki wawili hilo ni zoezi zuri sana. Mmoja aanze na "BLOOD.", mwingine na "DUCKWORTH.", halafu walinganishe walichosikia. Zima pia ule mpangilio wa kuufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu unakula sekunde za mwisho za skiti (vile viigizo vifupi vya maongezi kati ya nyimbo), na skiti nyingi huweka jambo lake hapohapo.

Vifaa navyo vinatoa hukumu za uongo. Spika ya simu ni ndogo mno, chini ya hertz 200 hivi haitoi kitu cha maana, wakati kiki ndefu za 808, mashine ya kutengenezea ngoma, hukaa karibu na hertz 50. Anayesema "biti haina uzito" kwa kusikiliza simu ikiwa mezani hajaisikia biti. Hedifoni za kawaida, hata za bei ya chini, zinamaliza tatizo hilo zikikaa sawasawa sikioni. Zikilegea besi inatoroka. Kuna na desturi ya marafiki kugawana hedifoni, mmoja sikio la kushoto, mwingine la kulia. Inapendeza kwa urafiki, kwa uhakiki ni hasara. Maprodyuza hutenga sauti kushoto na kulia, hasa zile sauti za nyuma zinazomjibu mchanaji, kwa hiyo kila mmoja wenu anasikia nusu. Mkitaka kugawana, ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usaidizi wa kusikia, muwashe sauti ya mono, inayopeleka sauti zote masikio yote mawili. Jambo la mwisho hapa ni ukubwa wa sauti: albamu nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zilikamilishwa zikiwa na sauti kubwa kuliko za mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sikio hupenda kilicho juu. Kabla ya kulinganisha mbili, washa kipengele cha kusawazisha sauti au inua ya zamani kwa mkono.

Sikiliza mara tatu kabla ya kuandika lolote. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, bila kuruka wimbo, bila kusoma maneno. Ya pili iwe na maneno mbele ya macho. Kwa hip-hop ya Kimarekani hilo ni la lazima, maana misimu yake huchosha hata wazungumzaji wa Kiingereza, na tovuti ya Genius ina maneno pamoja na maelezo ya mstari kwa mstari. Kumbuka tu kwamba maelezo hayo huandikwa na watu wa kawaida, na baadhi hubuni maana ambazo msanii hakuwahi kuziwaza. Ya tatu iache siku mbili katikati, uicheze ukiwa kwenye kazi nyingine. Wimbo unaokufanya usimame kwa muda, uandike jina lake.

Msikilizaji wa Kiswahili ana faida ambayo mara nyingi haitumii. Aliyefundishwa shairi anajua kina cha kati na kina cha mwisho, anajua mizani minane kwa minane, na sikio lake limezoea kusubiri mlio katikati ya mshororo. Achukue sikio hilohilo kwenye Paid in Full ya Eric B. & Rakim (1987). Hapo Rakim anavisambaza vina ndani ya mstari badala ya kuviacha mwishoni tu, na ndiyo sababu wachanaji wengi waliomfuata hutajwa pamoja naye. Utofauti ni kwamba mchanaji hafungwi na idadi ya mizani: anaweza kujaza silabi ishirini katika mstari mmoja na sita katika unaofuata, mradi ngoma haimwachi. Hapo ndipo pa kumpima. Je, kina kinaangukia kwenye sneya, au anakisogeza nyuma kidogo kwa makusudi?

Sasa jibu la aliyepewa, ambalo ndilo uhakiki wenyewe. Litaje mahali. "Pale katikati alipochana vizuri" halimsaidii mtu. Ubeti wa kawaida una mistari 16, na kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika unachukua kama sekunde 43. Ukihesabu mapigo manne kwa kila mstari unaweza kuandika "ubeti wa pili, mstari wa tisa" na mwenzako akafika palepale. Kama kuhesabu kunakuchosha, andika dakika na sekunde. Taja wimbo uliobaki kichwani, wimbo uliouruka na sababu, na kitu kimoja ulichokuta tofauti na ulivyoambiwa. Mfano: "Wimbo wa nne niliuruka mara mbili. Biti inajirudia bila kubadilika kwa dakika nne na yeye habadilishi kasi, kwa hiyo kufikia ubeti wa tatu sikuwa nasikia maneno. Wa saba ndio nimeurudia, kwa sababu ngoma zinaondolewa ubeti wa mwisho na sauti inabaki na besi tu." Hapo aliyependekeza amepata kitu. Anajua mwenzake hachoshwi na hip-hop, anachoshwa na mdundo usiosogea, na pendekezo lijalo litatokana na hilo.

Kabla ya kulaumu, hakikisha unalaumu kosa na si mtindo. Wengi huandika kwamba albamu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 "zimerekodiwa vibaya". Mashine iliyotumika sana wakati ule, E-mu SP-1200 ya 1987, ilihifadhi sauti kwa biti 12 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si mdundo) na ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 10 kwa jumla. Maprodyuza walikuwa wakiicheza sahani kwa kasi kubwa wakati wa kunasa ili kubana muda, halafu wanaishusha ndani ya mashine. Ukwaruzo unaousikia ulitokana na hapo, na baadaye watu wakaupenda hata walipokuwa na mashine safi. Una haki ya kutoupenda, ila usiuite uzembe. Vilevile soma waliotajwa kwenye wimbo. Katika Ready to Die ya The Notorious B.I.G. (1994) kuna wimbo "Gimme the Loot" wenye majambazi wawili wanaojibizana, na kuna watu wamemsifu mgeni aliyeshirikishwa. Hakuna mgeni: yeye mwenyewe amebadili sauti tu na kucheza nafasi zote mbili.

Orodha ya waliohusika inafaa pia kwa kupata albamu inayofuata. Wengi humfuata mchanaji, na mara nyingi wanaangukia albamu yake mbovu. Kumfuata prodyuza kuna mavuno zaidi. Illmatic ina Large Professor, DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S.; mwenzako akisema amependa "N.Y. State of Mind", huyo ni wa Premier, na kazi za Premier na kundi lake la Gang Starr ziko wazi mbele yake. Akipenda kile kipande cha Q-Tip, mrudishe kwa kundi lake, A Tribe Called Quest.

Alama za kumi sizipendi. Zikitoka kwa rafiki hukaa saba daima, kwa sababu sita ni tusi na tisa ni ahadi. Jarida la The Source lilitoa alama kwa picha za maikrofoni, tano zikiwa za juu kabisa, na Illmatic ilipewa zote tano 1994, lakini hilo lilikuwa jarida lenye kipimo kimoja kwa wote. Marafiki wakishikilia namba, kwanza wachague albamu tatu wanazozijua wote, ya juu, ya kati na ya chini, na kila mpya iwekwe juu au chini ya hizo. Vinginevyo swali moja linatosha: ungeondoa nyimbo zipi, na ikibaki bila hizo ungeirudia?

Mkiwa kikundi, wanne au watano wanatosha; wakizidi, wawili watasikiliza na wengine watapiga soga. Albamu moja kwa wiki, kila mtu ana zamu yake, na majibu yaandikwe kabla ya kusoma ya mwingine, kwa sababu anayetangulia kusema "hii classic" amewafunga wote mdomo. Kila mmoja awe na ruhusa ya kukataa albamu moja kwa mzunguko bila kuulizwa sababu. Na mwenzio akikataa uliyompa kwa sababu alizozitaja mahali kwa mahali, usimtumie nyingine ya msanii yuleyule wiki inayofuata kumthibitishia kuwa amekosea. Hilo limevunja vikundi vingi kuliko ladha mbovu.

Kwako Mhariri, nina ombi. Ukurasa wako wa burudani ukiandika kuhusu albamu mpya, pamoja na picha ya msanii na jina la aliyemshirikisha, uweke mstari mmoja mdogo chini: idadi ya nyimbo, urefu kwa dakika, majina ya maprodyuza, na kama kuna toleo zaidi ya moja. Hautachukua nafasi kubwa, na wasomaji wako watajua wampelekee nani.

Wako,
Msomaji na msikilizaji